Kichupa Ulichokiandika "Bado"

Mzee Rono,

Kabla hujasoma mstari wa pili, nakuomba kitu kimoja: haya yote yabaki kwako. Usimwambie mtu yeyote huko uliko. Zaidi ya wote usimwambie mama yako. Najua mmeshakutana, na namjua huyo Kogo, bibi wa watoto wako, kwa hadithi zako: atakuuliza habari za mti wake kabla ya kukuuliza habari za watoto wako. Mwambie mvua ilinyesha vizuri. Mwambie bei ya maziwa. Lakini barua hii ikunje uitie mfuko wa ndani wa ile suti ya kijivu tuliyokuzika nayo, mpaka nitakapokwambia mwenyewe kwamba unaweza kuitoa.

Ni mimi, Chelangat. Nataja jina langu kwa sababu miaka miwili hukulitumia hata mara tatu. Kwako nilikuwa Karani. "Karani, andika." "Karani, acha kuandika, njoo uone." Sasa hakuna anayeniita hivyo, na mara nyingine nikisikia kiti kikiburuzwa chumba cha pili mkono wangu unatafuta kalamu wenyewe.

Ninaogopa. Unajua mimi huogopa. Ulisema mimi ndiye mtu pekee maabara nzima anayebisha hodi kwenye friji. Lakini safari hii nina sababu, na itabidi nianze na siku ya mazishi.

Ofisi ilinituma na kitabu cha rambirambi kwa sababu nina mwandiko mzuri. Nilifika mapema, nikasimama karibu na boma la ng'ombe. Mti wa Kogo ulikuwa pale pale ulipouchora kwenye daftari lako: chai iliyopandwa kwa mbegu, ambayo hakuna aliyeichuma tangu Kogo alale, ikajiendea juu mpaka ikapita paa la boma. Nilikuwa sijawahi kuuona. Niligusa jani moja. Nilitaka kukutana nao vizuri, kwa heshima, mazishi yakiisha.

Kisha gari lililokubeba likafika na halikuweza kuingia. Njia ilikuwa nyembamba, na mti ulikuwa umeegemea njia. Vijana wa ndugu zako wakaja na mapanga na majembe. Mmoja akasema, "Chai gani hii haichumwi? Imejifanya mkaratusi!" Watu wakacheka kidogo, unajua vile watu hucheka matangani wakipata nafasi. Wakakata. Halafu mwingine akasema kisiki kitatoboa gurudumu, wakachimba mpaka mzizi.

Mzee, mimi nilikuwa nimesimama pale. Nilijua ule ni mti gani. Nilijua mwaka ule baridi ilipochoma chai ya eneo lote, mashamba yakageuka rangi ya majani yaliyokwisha kuchemshwa, huo peke yake ulibaki kijani, na kwamba wewe ulikuwa ukiusumbukia tangu wakati huo. Neno lilinifika hapa kooni. Halafu nikajiuliza mimi ni nani, msichana wa ofisi, mgeni, niwaambie wanaume wenye mapanga wasubiri na jeneza liko barabarani. Nikafungua kitabu cha rambirambi nikaanza kunyoosha mistari kwa rula.

Akina mama wakachukua matawi. Kuni mbichi, zilitoa moshi mwingi. Walipikia chai ya waombolezaji. Nilikunywa vikombe viwili, kwa sababu ningekataa ningeulizwa kwa nini.

Hiyo ndiyo siri ya kwanza. Ya pili ndiyo kubwa.

Jumatatu iliyofuata nilipewa kazi ya kukusanya vitu vyako. Kwenye friji, nyuma ya sanduku la viazi, nilikuta kichupa kimoja chenye kichujio chake cha utando ndani. Umeandika kwa ule mwandiko wako wa kuku: Mti wa Mama. Imeoshwa mara mbili. Bado.

Nilikaa chini sakafuni.

Kwa sababu nilikumbuka Jumatano ile. Ulikuwa umeshindwa mara tatu na majani ya mti huo. Uliniambia chai ni mmea mgumu, kwamba kile kinachoifanya iwe kali kikombeni ndicho kinachoiharibu DNA yake kwenye kichupa. Kila mara ilikutokea ya kahawia kama maji ya kuoshea sufuria. Mara ya nne ikawa safi. Ulikuja mpaka mlangoni pangu, koti halijafungwa vifungo, nami nilikuwa na wageni wa kutoka makao makuu, naandika majina yao. Ukasema, "Karani, imeshika. Nimeosha. Iliyobaki ni kuiachilia tu itoke kwenye kichujio. Hiyo nitakungoja, nataka uione kwa macho yako. Kesho saa nne."

Kesho yake saa nne ulikuwa hospitali. Ijumaa hukuwepo tena.

Yaani ulinisubiri mimi. Kama nisingekuwa na wale wageni, ungemaliza siku ile ile, dakika kumi tu, na ingekuwa imeandikwa, ina namba, ina rafu yake. Majani uliyatumia yote. Mti ukawa kuni. Kilichobaki duniani cha mti wa Kogo kilikuwa kimeng'ang'ania utando mdogo kuliko kitufe cha shati, ndani ya friji, kikiningoja mimi ambaye siruhusiwi hata kugusa pipeti ya kudondoshea.

Na kuna Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Unaijua. Kila kitu kisicho na mwenyewe kinapelekwa kuchomwa, na orodha naiandika mimi. Madam Moraa, aliyeletwa kushika nafasi yako, ni mtu wa utaratibu. Anatoka Kisii, anatembea haraka, na hataki kuona kitu kisicho na sahihi. Nilipofika kwenye kichupa chako, safu ya "mwenyewe" ilinishinda. Niliandika "hayupo." Nikatazama neno hilo mpaka herufi zikaanza kuogelea.

Ningeweza kumwambia. Mtu mwingine angemwambia. Lakini wiki yake ya kwanza alimkuta kibarua wa shambani ameshika kichupa akikitazama juani, na akamrudisha shambani siku hiyo hiyo. Mkataba wangu unasema karani. Mama yangu akiwa anachuma chai na wenzake hujisifu kwamba mtoto wake yuko "ndani ya maabara," na mimi humwacha, simwambii kwamba niko mlangoni mwa maabara.

Nikaamua kuachilia mwenyewe. Sijui nilitoa wapi huo moyo. Nadhani ulitoka kwenye ile chai niliyokunywa.

Nilichagua saa nne, wote wakiwa kibandani wanakunywa chai. Nilikuwa nimekutazama mara nyingi, na mara tatu uliniachia nifanye, mlango umefungwa, na majani ya mahindi yasiyo na thamani. Nilikumbuka mara ya kwanza. Ulinipa kichupa, ukauliza, "Unaona nini?" Nikasema naona maji. Ukasema, "Mimi pia. Miaka ishirini nafanya kazi hii, na miaka ishirini naona maji." Ukacheka mpaka ukakohoa. Kisha ukakiinua kwenye dirisha, ukasema pole pole, "Lakini kila kitu ambacho mmea unajua kiko humo." Nilipata baridi mikononi. Nilikuwa nimesoma hayo chuoni, nikayapasi, nikapewa cheti, na hakuna siku yaliwahi kunigusa ngozi.

Basi nikatafuta chupa ya bafa, yale maji ya dawa ya kuachilia, kwenye rafu yako ya juu. Zilikuwa mbili, sawa sawa, maji meupe yote mawili, maandishi yamefutwa na spiriti zamani. Wewe ulikuwa na dawa yako: uzi wa sufu mwekundu shingoni mwa bafa ya kuoshea, uzi mweupe kwa bafa ya kuachilia. Lakini Madam alipoziona siku ya kwanza alisema, "Hii ni maabara ama ni duka la sweta?" na akaniamuru nizikate nyuzi. Nilizikata. Nikasema moyoni nitakumbuka, nyekundu iko kushoto. Mimi, Mzee, ninayeandika hata saa ambayo askari wa geti anabadilisha zamu, hilo sikuliandika. Na tangu hapo rafu ilikuwa imepanguswa.

Nilichukua ya kulia. Nikaipasha ndani ya kikombe cha maji ya moto ya thermos, kama ulivyokuwa ukifanya ile mashine ya kupashia ilipoharibika. Nikaidondosha katikati ya utando. Nikangoja. Nikazungusha. Nikaweka tone lililoshuka chini kwenye mashine ya kusomea, ile inayohesabu DNA.

Sufuri.

Nikaweka jingine. Sufuri.

Nilirudisha kichupa kwenye friji, nikaosha kikombe, nikarudi dawatini na kumwandikia mgeni kadi yenye jina la mtu mwingine. Nilikuwa nimeua mti ule mara ya pili. Mara ya kwanza kwa kunyamaza, mara ya pili kwa mikono yangu. Jioni mama aliniuliza kama nina malaria.

Asubuhi nilikwenda kukamua. Yule ng'ombe wetu unamjua kwa maneno yangu, yule anayekunja uso. Nilibeba maji ya vuguvugu, nikaosha kiwele kama kila siku, nikapangusa. Na nikiwa nimechuchumaa pale, mkono uko kwenye kiwele, sauti yako ikaja wazi kabisa, si ya mzimu, ilikuja kama kumbukumbu inavyokuja. "Karani, hii kazi ni ya kukamua tu. Chumvi nyingi inaifanya DNA ishike utando. Spiriti inaosha, na ukiosha uchafu unatoka, mwenyewe anabaki. Halafu unaleta kitu kipole, cha vuguvugu, kisicho na chumvi ya kumshikilia, na unangoja. Ng'ombe hatoi maziwa kwa kelele."

Nikatazama ndoo. Ilikuwa tupu. Nilikuwa nimeosha, na ndoo ilikuwa tupu, na maziwa yote yalikuwa bado ndani.

Nilicheka peke yangu pale zizini. Ng'ombe akageuza kichwa. Nilikuwa sijapoteza kitu! Nilichukua bafa ya kuoshea nikaosha mara ya tatu, basi. Haiwezi kuitoa. Hata ningeosha mara kumi, isingetoka. Nilikuwa nimefanya kosa la pekee ambalo kazi hii inalisamehe, na nikaona ajabu kubwa, Mzee, kwamba kitu kidogo hivyo kinajua kwa nani kishike na kwa nani kiachie.

Saa nne nikawa tena kwenye kiti chako. Nilifungua chupa zote mbili na kupunga mkono juu yake kuelekea puani, kama ulivyonifundisha, bila kuinama. Ya kulia ilinuka spiriti. Ya kushoto haikunuka kitu chochote. Nilizungusha kichupa kikiwa kitupu kwenye mashine ya kuzungushia ili spiriti ya jana ikauke. Nikapasha bafa ya kuachilia. Nikadondosha tone katikati, na tone likazama kwenye utando kama mvua ya kwanza kwenye vumbi. Nikangoja muda wa kusema Baba Yetu mara tano, taratibu, maana ulisema kilichokaa muda mrefu kimeshika usisukumane nacho. Nikazungusha.

Chini ya kichupa kulikuwa na maji. Kidogo kuliko umande unaobaki kwenye ncha ya jani. Nikakiinua dirishani, kama wewe. Humo ndani kulikuwa na ile asubuhi ya baridi, mashamba yote yamekufa rangi, na mti mmoja umekataa.

Nikaweka kwenye mashine. Namba ilitokea. Ndogo, lakini namba.

Na nyuma yangu mtu akasema, "Chelangat. Hicho kiti ni cha nani?"

Madam Moraa alikuwa amesahau leso yake.

Nikasema, "Cha Mzee Rono, Madam." "Na wewe ni nani?" Nikasema, "Karani." Sijui kwa nini nilisema hivyo badala ya jina. Akaja, akachukua kichupa, akasoma mwandiko wako. Alisoma muda mrefu kwa maneno machache vile. Mimi nilianza kueleza yote kwa mkupuo mmoja, mti, gari, kuni, chai, uzi mwekundu, bafa ya kulia, nikiwa nalia na kamasi inatoka. Hakunikatiza. Nilipokwisha akauliza swali ambalo sikulitarajia.

"Ulipasha bafa?"

Nikasema ndiyo.

"Kwa kitu gani? Mashine ya kupashia imefungwa kabatini kwangu."

Nikasema nilitumia kikombe.

"Kikombe gani?"

Nikamwonyesha. Mzee, kilikuwa chake. Kile chenye maua. Kwa woga wangu wote nilikuwa nimechukua kikombe cha bosi.

Akakitazama. Akavuta stuli, akakaa, akatoa pumzi ndefu. Akasema, "Achilia mara ya pili. Ya kwanza haimalizi."

Nywele zilinisimama. Ni maneno yako. Neno kwa neno. Hamkuwahi kuonana, mmesomea vyuo tofauti, lugha za nyumbani mbali mbali, na amekaa kwenye stuli yako anasema maneno yako, kwa sababu utando huo huo umewafundisha nyote wawili. Niliachilia mara ya pili mbele yake. Alinirekebisha jinsi ya kushika pipeti. Ulikuwa umenifundisha vibaya hapo, nisamehe, kidole gumba chako kilikuwa na haraka.

Alasiri tuliipitisha kwa umeme kwenye jeli, tuone kama haijakatika. Alizima taa, akawasha ile taa ya chini, na pale kwenye njia ya tatu palikuwa na mstari wa mwanga, mmoja, mnyoofu, haujakatika. Nilifikiri habari za vijana na mapanga, na moshi wa kuni mbichi, na huo mstari umetulia gizani kama mtu aliyefika nyumbani. Madam akasema, "Huyu mzee alikuwa anaosha vizuri." Nadhani hiyo ndiyo rambirambi yake. Ningeweza kumpa kitabu atie sahihi.

Sikuponea hivi hivi. Alisema, "Mimi nitaandika ukweli, na wewe utaandika ukweli." Nimepata barua ya onyo. Kwa vile mimi ndiye karani, niliipiga muhuri mwenyewe na kuiweka kwenye faili langu mwenyewe. Lakini chini ya barua hiyo kuna karatasi nyingine yenye sahihi yake: kwamba asubuhi mbili kila wiki Chelangat atafanya kazi mezani, chini ya uangalizi. Na kwenye orodha ya kuchomwa nilikata mstari wako kwa rula. Kwenye safu ya mwenyewe sasa kuna jina la maabara, na rafu, na tarehe. Nyuzi zako nilizitoa kwenye droo. Alinitazama nikizifunga, akasema nyeupe itachafuka, nitafute ya bluu.

Najua hiki hakiwezi kuwa mti tena. Usinicheke, chuo nilisoma. Kinaweza kutuambia mti ulikuwa nani, basi. Lakini kitabu cha rambirambi niko nacho, na jina la dada yako wa Kaplong limo. Siku ile, akivuta kikombe cha chai karibu nami, alisema Kogo alimpa mbegu alipoolewa, kiganja kimoja, na kwamba zilizoota zipo tatu nyuma ya jikoni, zimekuwa ndefu, mume wake anataka kuzikata apande nyasi ya nepia. Niliyasikia maneno hayo nikayapita, kwa vile nilikuwa natazama kuni. Jumamosi nitakwenda. Nimeshampigia simu. Nimemwambia asikubali mtu aguse, na nilisema kwa sauti kubwa hata mama akatoka nje kuuliza nagombana na nani. Nitachukua majani, nitayasaga, nitayashikisha, nitayaosha, nitayaachilia, na tutayaweka kwenye jeli pembeni ya mstari wako tuone kama wanafanana na mama yao.

Nakuahidi hilo. Na nakuahidi nikiona tena watu na mapanga mbele ya kitu ninachokijua, nitasema, hata kama jeneza liko barabarani.

Basi sasa toa barua mfukoni. Mwambie Kogo. Anza na habari ya kuni ili aniudhikie kwanza, halafu umwambie habari ya mwanga.

Saisere, kwaheri, Mzee wangu.

Ukitaka kunipata, usije ndotoni, nitapiga kelele. Usipite geti kuu pia. Askari ni mpya na atakuomba kitambulisho. Zunguka upande wa miche, ule mlango wa nyuma unaokwama, uinue kidogo ndipo usukume. Njoo saa nne, thermos ikiwa moto. Usiponikuta kwenye dawati la mlangoni, usirudi. Endelea ndani. Niko kwenye kiti chako.

Karani